Seva ya Barua Pepe: Kosa la Programu au la Uendeshaji?

Barua pepe imekuwa chombo cha kila siku katika kazi za ushirika. Notisi za mikutano, taarifa za bei, ankara za pembejeo, hati za malipo na majibu ya wakaguzi hupita humo. Barua moja isipofika kwa wakati, anayepata hasara si kompyuta wala fundi. Ni mkulima wa mkonge wa Korogwe, wa korosho wa Mkinga au wa machungwa wa Muheza, ambaye huenda hajaiona seva yenyewe hata siku moja.

Inapotokea hasara ya namna hiyo, aghalabu hukumu hutolewa haraka. Husemwa kwamba programu ni mbovu, inunuliwe nyingine. Mara nyingine husemwa kwamba katibu au fundi ni mzembe, aondolewe. Hukumu zote mbili zaweza kuwa za haki, na zote mbili zaweza kuwa dhuluma. Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini ziko pia siku ambazo jua kweli limezidi. Kazi ya chama ni kujua hii ni siku gani kabla ya kutumia fedha za wanachama.

SEVA HUFANYA KAZI GANI

Seva ya barua pepe ni kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana ili kupokea barua, kuzipanga na kuzipeleka. Programu ya seva ni maagizo yanayoiongoza kompyuta hiyo. Yaweza kufananishwa na karani wa posta: hupokea barua dirishani, husoma anwani, huangalia iende njia ipi, kisha huikabidhi kwa posta nyingine au huitia katika sanduku la mwenyewe.

Chama kinapotuma barua, seva yake hutazama kwanza daftari la majina la mtandao. Humo kila kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @, kimeandikiwa seva inayopokea barua zake. Kisha seva ya chama huipigia hodi seva hiyo na kueleza barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Seva inayopokea hujibu kwa namba. Ikiikubali barua, basi tangu hapo dhamana ni yake.

Taratibu hizi ziliandikwa na Jon Postel huko Marekani mwezi Agosti 1982, na ingawa zimerekebishwa mara kadhaa, msingi wake haujabadilika. Kwa mujibu wake, seva iliyoipokea barua hairuhusiwi kuiacha ipotee kwa sababu ndogo. Hapana budi iifikishe, au iiweke katika foleni na kujaribu tena, au imrudishie mwenyewe pamoja na maelezo ya kukataliwa. Muda unaopendekezwa wa kuendelea kujaribu ni siku 4 hadi 5.

Jambo hili lina maana kubwa kwa katibu. Barua iliyosemwa kuwa imepotea, mara nyingi iko mahali fulani: katika foleni, katika kapu la barua taka la mpokeaji, au imerudi na maelezo ambayo hakuna aliyeyasoma. Kwa hiyo uchunguzi wa haki huanza kwa kuuliza barua imekwama wapi, kabla ya kuuliza nani alaumiwe.

PANDE NNE ZA KUTAZAMA

Seva inaposhindwa kazi, sababu yaweza kutoka katika pande nne.

Upande wa kwanza ni programu yenyewe, yaani jinsi ilivyobuniwa na kuandikwa na watengenezaji wake. Upande wa pili ni usimikaji: jinsi ilivyopangwa siku ilipowekwa, na mambo yaliyoandikwa katika daftari la majina. Upande wa tatu ni utunzaji, yaani kuisasisha, kuangalia nafasi ya kuhifadhia barua, kulinda maneno ya siri, kulipa ada kwa wakati na kuweka nakala za akiba. Upande wa nne ni mazingira: umeme, njia ya mawasiliano, joto, pamoja na hewa ya chumvi ya pwani ambayo hula vyuma na viungio vya mitambo.

Wakazi wa Tanga hawahitaji kufundishwa tofauti hii kwa mifano ya mbali. Mkonge uliletwa Pangani na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893. Tangu wakati huo, kila mfanyakazi wa korona amejua kwamba singa chafu zaweza kutokana na mashine iliyorekebishwa vibaya, na maji yasiyotosha, au na majani yaliyokaa muda mrefu baada ya kukatwa. Hakuna msimamizi mwenye akili ambaye, kwa kuona singa chafu za siku moja, angeamuru mkonge wote ung'olewe. Angalitazama kwanza mashine, maji na majani.

PALE PROGRAMU INAPOKUWA NA HATIA

Haitakuwa haki kudhani kwamba programu haina kosa daima. Mfano ulio wazi ni ule wa tarehe 1 Januari 2022. Siku hiyo seva za Microsoft Exchange za matoleo ya 2016 na 2019 zilianza kushindwa kupeleka barua katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Chanzo kilikuwa ndani ya sehemu inayochuja virusi. Sehemu hiyo iliandika tarehe kwa namba moja ndefu, na ulipoingia mwaka mpya namba hiyo ikawa 2201010001. Lakini nafasi iliyotengwa kuihifadhi haikuweza kubeba namba iliyozidi 2147483647. Mchujo ukasimama, na barua zikarundikana katika foleni.

Mwendeshaji aliyefuata miongozo yote alipatwa na mkasa huo sawasawa na mzembe. Kumlaumu fundi kwa tukio kama hilo ni kumwonea. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba barua hazikupotea. Zilingoja katika foleni mpaka watengenezaji walipotoa marekebisho. Mwendeshaji aliyelijua hilo aliweza kuwatuliza watu wake. Asiyelijua huenda aliwaambia watume upya, na baadaye kila barua ikafika mara mbili.

Liko pia kosa la programu ambalo halionekani upesi, nalo ni kumwekea mwendeshaji mtego. Programu ya Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilitumika katika sehemu kubwa ya mtandao kwa miaka mingi. Kwa desturi ya zama zile za kuaminiana, ilikubali kupitisha barua ya mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote. Walipozuka watumaji wa barua taka, waliitumia milango hiyo iliyo wazi. Fundi aliyeisimika bila kubadili chochote alikuwa amefungua mlango huo pasipo kujua. Katika toleo la 8.9 la mwaka 1998, mpango wa kawaida uligeuzwa: mlango ukafungwa, na anayetaka kuufungua aufungue kwa makusudi.

Hapo lawama ni ya pande mbili. Fundi alipaswa kuangalia, lakini chombo kinachomfanya mtu mwangalifu akosee nacho kina sehemu yake ya hatia. Wietse Venema alipotoa programu ya Postfix mwaka 1998, aliigawa katika sehemu ndogo ndogo, kila moja na mamlaka yake yenye mipaka, ili sehemu moja ikikosea isiiangushe nyumba nzima. Huo ni ubora wa ubunifu, na ni haki kuuhesabu wakati wa kulinganisha programu na programu.

PALE UENDESHAJI UNAPOKUWA NA HATIA

Sasa yatazamwe mambo ya upande wa pili. Tarehe 5 Juni 2019 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika programu ya Exim, iliyoanzishwa na Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Udhaifu huo ulikuwa katika matoleo ya 4.87 hadi 4.91, na uliweza kumpa mtu wa mbali mamlaka ya kuiamuru seva. Katika mwezi huohuo wavamizi walianza kuutumia. Lakini toleo la 4.92, lisilokuwa na udhaifu huo, lilikuwa limekwisha kutolewa tangu Februari mwaka uleule. Aliyekuwa amesasisha programu yake alilala usingizi. Watengenezaji walikosea walipoandika. Lakini aliyeendelea kuchelewa baada ya tangazo la Juni hakuwa na haki ya kulitupa kosa lote juu yao.

Jambo lilelile lilionekana kwa Exchange mwaka 2021. Udhaifu wake ulikuwa ukitumiwa na wavamizi kabla ya dawa kutolewa tarehe 2 Machi. Kwa siku zile za kabla, lawama haiwezi kuwa ya waendeshaji. Kwa majuma yaliyofuata, kila siku ya kuchelewa ilihamisha sehemu ya lawama kutoka kwa mtengenezaji kwenda kwa mwenye seva.

Katika ofisi za vyama, makosa ya uendeshaji huwa madogo zaidi, lakini hasara yake ni ileile. Ada ya mwaka ya kikoa isipolipwa, jina huondolewa katika daftari na barua za chama hukosa njia. Sanduku likijaa, barua mpya hukataliwa. Neno la siri lililobandikwa ukutani likiibwa, mwizi hutuma maelfu ya barua taka kwa jina la chama, na seva za wengine huanza kukikataa chama kizima. Isitoshe, taarifa za wanachama zinazovuja kwa njia hiyo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hakuna programu, iwe ya bure au ya bei kubwa, itakayoziba uzembe huo.

Aidha, tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo zimekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wateja wao. Kila kikoa kinatakiwa kithibitishe kwamba seva inayotuma imepewa idhini na mwenye kikoa. Uthibitisho huo huandikwa katika daftari la majina. Chama kisichouandika chaweza kuona barua zake zikiangukia katika kapu la barua taka au zikirudishwa. Mtu asiyejua atasema seva imezeeka, kumbe kilichokosekana ni mistari michache ambayo fundi anayeijua kazi yake huiandika kwa muda mfupi.

PALE AMBAPO HAKUNA MWENYE HATIA OFISINI

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilipata hitilafu, na mtandao wa intaneti ukadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Siku hiyo barua za kwenda nje zilichelewa bila kujali programu gani imetumika. Seva iliyopangwa vizuri ilizihifadhi katika foleni na kuzipeleka njia ilipofunguka. Iliyopangwa vibaya, kwa mfano iliyowekewa muda wa kungoja wa saa chache tu, ilizirudisha mapema na kuwatia watu hofu. Basi hata msiba unaotoka nje huonyesha nani alijiandaa.

Ndivyo ilivyo pia kwa umeme. Kukatika kwa umeme si kosa la programu wala la katibu. Lakini kukosa betri ya akiba, au kuwa nayo imekufa miezi 6 bila kupimwa, ni jambo la uongozi.

FUNZO LA USHIRIKA WENYEWE

Wanaushirika wa Tanzania wanayo sababu ya pekee ya kuwa waangalifu katika hukumu za namna hii, kwani wao wenyewe wamewahi kuhukumiwa hivyo. Kamati maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 ilieleza upungufu wa watumishi wenye ujuzi, wanachama wasioelimishwa kuhusu mambo ya chama chao, na kuingiliwa na siasa. Hayo yalikuwa makosa ya uendeshaji na ya mazingira. Hata hivyo, mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Chombo kizima kiliondolewa.

Mamlaka hizo nazo zilikabiliwa na uhaba wa usimamizi mzuri, gharama kubwa na malipo yaliyochelewa kwa wakulima. Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama vikuu. Chombo kilikuwa kimebadilishwa, lakini udhaifu wa uendeshaji ukahamia katika chombo kipya, na wakulima wakalipa gharama ya safari ya kwenda na kurudi.

Chama kinachobadili programu ya barua pepe bila kujua kosa lilikuwa wapi huanza safari kama hiyo. Kitalipia leseni mpya, au kazi ya fundi kwa programu isiyotozwa ada ya leseni kama Postfix na Exim. Kitahamisha barua za zamani na kufundisha watumishi upya. Baada ya miezi michache, ikiwa neno la siri bado limebandikwa ukutani na ada ya kikoa bado hailipwi, malalamiko yatakuwa yaleyale.

JINSI YA KUCHUNGUZA KWA HAKI

Katibu hahitaji kuwa fundi ili aweze kutenganisha lawama. Anahitaji daftari, kalamu na uvumilivu. Hatua zifuatazo zatosha kwa mambo mengi.

1. Aandike tukio: ni barua ipi, ya tarehe na saa gani, kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Je, ni barua moja tu, au ni zote? Je, ni kwa mpokeaji mmoja, au kwa wote?

2. Asome barua iliyorudi. Namba inayoanza na 4 maana yake ni kwamba kuna kizuizi cha muda, seva itajaribu tena. Namba inayoanza na 5 maana yake ni kukataliwa kabisa. Mara nyingi hufuatwa na namba ndogo: 5.1.1 huonyesha kwamba anwani haipo, 5.2.2 kwamba sanduku limejaa, na 5.7.1 kwamba mpokeaji amekataa kwa sheria zake. Namba hizo tatu hazielekezi kwenye ubovu wa programu ya mtumaji.

3. Amwombe fundi aonyeshe foleni na kumbukumbu za seva kwa saa ile. Fundi asiyeweza kuonyesha kumbukumbu hajajibu swali, hata akisema kwa sauti kubwa kwamba programu ni mbovu.

4. Aulize ni kitu gani kilibadilishwa siku za karibuni: fundi, neno la siri, kampuni ya mtandao, au malipo. Chombo kilichofanya kazi vizuri jana na kushindwa leo huwa na sababu ya leo.

5. Aandike hali ya umeme na ya mtandao kwa siku ile.

6. Alinganishe na chama jirani kinachotumia programu hiyohiyo. Hapa ushirika una faida ambayo mtu binafsi hana. Ikiwa vyama vingi vyenye waendeshaji waangalifu vimekwama mahali pamoja, basi programu ina kesi ya kujibu. Ikiwa chama kimoja peke yake kimekwama huku wenzake wanaendelea, basi chama hicho kitazame kwanza ndani ya nyumba yake.

KABLA YA KUPIGA KURA

Suala la kununua programu mpya likifikishwa mbele ya bodi au mkutano mkuu, wanachama wana haki ya kudai daftari la matukio la angalau miezi 3. Waulize matukio mangapi yalitoka upande wa programu, mangapi upande wa usimikaji, mangapi upande wa utunzaji, na mangapi upande wa mazingira. Waulize pia programu ya sasa ni toleo gani, na lilisasishwa lini mara ya mwisho. Programu ambayo haijasasishwa kwa miaka kadhaa haijapewa nafasi ya kujitetea.

Ikidhihirika kwamba programu kweli ni mbovu, kwamba watengenezaji wake wameiacha, au kwamba haiwezi kutimiza kazi ambayo chama kinaihitaji, basi ibadilishwe bila kusitasita. Kuing'ang'ania kwa sababu tu ya mazoea ni hasara nyingine. Na ikidhihirika kwamba tatizo ni uhaba wa ujuzi, dawa ni ujuzi. Ofisi za Serikali zinao mfumo wa pamoja wa barua pepe unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, badala ya kila ofisi kuhangaika peke yake. Vyama vya msingi navyo vyaweza kuchangia fundi mmoja mwenye sifa chini ya chama kikuu, kuliko kila kimoja kuwa na seva isiyo na mlezi.

Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima hodari hujua pia jembe lililokwisha. Hukumu ya haki huokoa fedha za wanachama, humlinda mtumishi asiye na kosa, na humwonyesha mzembe mahali pake. Makatibu ambao bado hawajafungua daftari la matukio ya barua pepe walifungue sasa, kabla ya barua nyingine kukwama.